Punje Nyeupe Shingoni

Shule niliachia darasa la tano, lakini Kitale nzima hakuna anayejua mahindi kunishinda. Wengine hupima unyevu kwa mashine. Mimi nauma punje: ikilia "ka!" imekauka, ikinyamaza mrudishie mwenyewe. Kwa jino moja nimejenga ghala mbili na nyumba ya ghorofa.

Asubuhi hiyo sokoni Chwele niliuma punje, na kilicholia ni jino lenyewe. Nikashuka Bungoma mjini likang'olewe haraka, nirudi kabla lori halijapakiwa.

Daktari wa meno alikuwa msichana, umri wa kitindamimba wangu. Akataka kwanza picha ya taya lote. Mashine ikanizunguka kichwa, picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kalamu yake ikalipita jino langu, ikashuka, ikasimama shingoni.

"Baba, unaona hivi vipunje vyeupe?"

"Hayo ni makapi. Si nimekwambia nimetoka kuuma mahindi?"

"Makapi hayafiki hapa."

"Daktari, mahindi unanifundisha mimi?"

Nikaenda kwa sinki, nikasukutua, nikakohoa mpaka mgonjwa aliyekuwa mlangoni akasogea. Nikaamuru apige tena. Akapiga, nadhani ili ninyamaze.

Vilikuwepo. Pale pale, vyote.

"Baba, hivi haviko kooni. Ni kama chokaa, imeganda kwenye mshipa unaopeleka damu kwa ubongo. Mshipa huo ukiziba, mtu hupooza. Umewahi kupima presha?"

Presha! Mke wangu amenisihi miaka. Hata mashine ilipoletwa kanisani niliwacheka waliopanga foleni, nikasema huo ni ugonjwa wa waliosoma.

Akanipima mkono mmoja, akatazama, akanipima wa pili. "Jino halitoki leo. Nenda hospitali sasa hivi, na usiendeshe gari."

Maisha yangu yote nimechoma magunia ya watu kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, nikavuta punje za katikati, nikawaonyesha zilizooza. Wote hunijibu, "Lakini kwa nje si ni safi?" Maneno hayo hayo yalinijia mdomoni. Nikayameza.

Nikampigia mke wangu simu. "Njoo Bungoma. Beba kadi yangu ya hospitali."

"Kadi? Ya jino tu?"

"Wewe njoo tu." Mkono ulikuwa shingoni, nikisikia damu ikigonga chini ya vidole, na sikuthubutu kufinya.