Mashine Niliyoitia Tiki Bila Kuigusa

Iko siku moja, Rajabu mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mwili unanisisimka. Ni siku aliyozaliwa kaka yako Salimu. Leo nitakusimulia, na usinikatize, kwa sababu nina hasira nawe, na hasira hiyo nusu yake najikasirikia mwenyewe. Vuta kiti ukae. Simu hiyo iweke chini.

Juzi uliniletea daftari lako la mafunzo ya hospitalini, ukaniambia, "Mjomba, wewe fundi wa siku nyingi, hebu nitazamie kama nimeandika kifundi kabla sijalipeleka chuoni." Nikafurahi, nikavaa miwani. Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa digrii ya uhandisi wa vifaa tiba, nani asingefurahi? Mimi nilisomea cheti tu, nimestaafu na mafuta ya mota kwenye kucha. Nikafungua nikasoma. Mwandiko mzuri, michoro mizuri, mashallah. Kila siku umekagua mashine, na kila siku mashine ni nzima. Nikafika siku ya Idd. Umeandika umekagua sakshen ya wodi ya wazazi, ile mashine ya kufyonzea ute, inafanya kazi vizuri. Ebo! Siku ya Idd, Rajabu, ulikuwa hapa hapa Usagara, sebuleni kwangu, umekula pilau sahani mbili, kisha ukaenda Raskazone kuogelea na wenzio. Sakshen uliikagulia majini?

Nilipokuuliza, ukacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonichoma. Ukasema, "Mjomba, daftari tunatumiana kwenye simu, mmoja anaandika, wengine tunanakili. Kila mtu anafanya hivyo. Kwani mashine si zinafanya kazi?" Nikainuka nikaondoka, kwa sababu ningekujibu wakati ule ningekuzaba kofi, na wewe mtu mzima una ndevu.

Sasa sikiliza jibu.

Kaka yako unamjua. Ana miaka thelathini na kitu, hawezi kukaa bila kuegemezwa, hawezi kushika kijiko. Anapenda mpira wa redioni, likiingia goli anapiga ukelele hadi majirani wanajua. Umekua unamlisha uji. Ulipokuwa mdogo uliuliza kwa nini yuko vile, ukaambiwa ni kazi ya Mungu. Kweli, hakuna lisilo la Mungu. Lakini na mkono wangu umo, mwanangu, na nimeuficha miaka yote hii.

Nilikuwa kijana wa rika lako, fundi mpya kwenye hospitali moja huku huku pwani. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupita wodini na karatasi yenye orodha ya mashine, nikague moja moja, nitie tiki, kisha niitundike ukutani wakunga waione. Sakshen inakaguliwa hivi, na wewe umefundishwa: unaiwasha, unaziba mdomo wa mpira wake kwa dole gumba, unatazama mshale wa geji kama unapanda, kisha unaifyonzesha maji kwenye bakuli. Dakika tatu hazifiki. Lakini lazima uiname, uoshe chupa, umwage maji, na wakati huo wakunga wanakufokea kwamba umewazibia njia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sikutaka kuinama. Nikazua ujanja wangu: nasimama mlangoni, namwomba muuguzi aiwashe, nikisikia inanguruma, tiki. Tena nikajiona hodari! Wenzangu wanamaliza saa nne, mimi saa mbili niko kwenye chai na vitumbua. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walishasema, na mashine nayo hunguruma hata kama haivuti kitu.

Basi mama yako akakaribia kujifungua mimba yake ya kwanza. Yuko kwa mumewe Ushongo, anataka kwenda hospitali nyingine ambako wifi yake alijifungua salama. Nani alimkataza? Mimi. Mimi kaka mkubwa, mimi fundi, mimi mwenye koti la buluu! Nikamwambia, "Mwanahamisi, njoo kwetu. Mashine za pale nazikagua kwa mkono wangu mwenyewe." Akaniamini. Akaja na kanga zake na chupa ya chai.

Mtoto alitoka saa tatu asubuhi, kimya. Pua na mdomo vimejaa ute. Mkunga mkubwa pale alikuwa Sista Agnesi, Mbondei wa Muheza, mama wa maneno machache. Akawasha sakshen, ikanguruma. Akaingiza mpira mdomoni mwa mtoto, haivuti. Akabadilisha mpira, haivuti. Nikaitwa mbio huko kwenye vitumbua vyangu, nikaingia, nikafungua mfuniko wa chupa. Ule mpira wa duara unaokaa chini ya mfuniko ulikuwa umepasuka, hewa yote inapitia pale. Kipande cha mpira, Rajabu! Na haukupasuka siku ile, maana ufa wenyewe ulishakauka na kuingia vumbi. Ningeweka dole gumba mara moja tu wiki ile, ningejua.

Sista Agnesi hakunisubiri. Alichukua mrija mwembamba akauvuta ute ule kwa kinywa chake mwenyewe, anatema kwenye beseni, anavuta tena, huku anamsugua mtoto mgongo. Mama yako kitandani anauliza, "Mbona halii? Kaka, mbona mwanangu halii?" Ananiuliza mimi. Mimi nikainamia mashine nikajifanya nakaza skrubu. Dakika zikapita, nyingi, nyingi mno, ndipo mtoto akalia kilio chembamba kama cha paka.

Alipomaliza, Sista Agnesi alisukutua, akanishika mkono akanipeleka kwenye ile karatasi yangu ukutani. Tiki ya asubuhi ile ilikuwepo. "Hii umeandika wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kijana, mimi sijui mambo ya mota. Najua kusoma karatasi yako. Nikiona tiki, natulia. Leo umenidanganya, mama wa watu akiwa kwenye uchungu. Nenda kamwambie dada yako kwa mdomo wako. Sitakusemea, na akiniuliza sitakuficha."

Sikwenda, mwanangu. Mtoto alifikisha mwaka shingo haijakaza. Daktari akasema huenda ni ile hewa aliyoikosa, huenda ni jambo jingine. Loo, nikaing'ang'ania hiyo "huenda"! Kazini nilibadilika, hilo naliapia wallahi, tangu siku ile hakuna sakshen iliyopita bila kidole changu. Nikamchongea Salimu kiti cha kuegemea, alipokua nikamchongea kingine. Watu wakasema, huyu mjomba ana mapenzi. Astaghfirullah. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi umeniumbua wewe, mtoto wa dada yangu, kwa kicheko chako.

Jana nikavuka Pangani nikaenda Ushongo. Nikamkuta mama yako anamlisha Salimu. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtoto wa chuoni aliyekosa mbele ya mwalimu. Hakulia. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliendelea kulisha mpaka bakuli likaisha, akamfuta Salimu kidevu, kisha akasema bila kunitazama, "Kamwambie Rajabu. Mwambie kabla hajashika mashine ya mtu." Akachukua bakuli akaenda kuliosha.

Basi nimekwambia. Na hilo la "kila mtu anafanya hivyo" nisilisikie tena ndani ya nyumba hii! Huyo kila mtu atakuwa wapi siku mtoto atakapotoka kimya? Mnasoma hesabu zinazoumiza kichwa, mnajua umeme wa moyo, mnachora mashine kwenye kompyuta, halafu kuweka kidole kwenye mpira kunawashinda? Ndiyo usomi gani huo? Mama aliye kitandani haulizi digrii yako. Mkunga anatazama tiki yako, na roho ya mtoto wa watu anaitegemeza hapo.

Nasaha yangu ni hii, ishike. Usichokigusa usikiandike. Mashine usiyoikagua andika hukuikagua, ufokewe, ufedheheke, jioni itakuwa imekwisha. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, tena kwa yule uliyemkosea, si kwa rafiki yako atakayekupa pole. Usingoje mpaka lioze, maana la kuvunda halina ubani. Na kesho asubuhi utachukua daftari hili uende kwa mhandisi wa hospitali unayojifunzia, umwoneshe lipi la kweli na lipi la uongo, ukurasa kwa ukurasa. Chuo wakikurudisha mwaka, rudi. Utakula hapa, utalala hapa, na atakayekucheka mlete kwangu. Kisha mwombe mhandisi akupeleke wodi ya wazazi, uiname, uanze kazi.

Mungu akupe mikono isiyosema uongo. Akukinge na njia ya mkato niliyoipita mimi, na akujaalie uzee wa kukaa na ndugu zako ukiwatazama machoni. Amina. Bado nimekasirika, lakini radhi zangu unazo, mwanangu. Mimi za mama yako ndizo ninazozingojea.