Gauni la Jumapili la Mama Pasi

Jirani yangu tunamwita Mama Pasi, kwa sababu hakuna nguo anayoiacha na mikunjo. Hata nepi za mwanangu huzianua kwenye kamba akazinyoosha. "Mtoto wa watu asilalie mikunjo," husema, na ukimshukuru anajifanya hasikii.

Anaishi peke yake katika chumba kinachopakana na changu. Mgeni wake wa kwanza nimemwona mwaka huu: binti wa chuo mwenye kinasa sauti kidogo, anayekusanya kumbukumbu za waliowahi kulazwa zamani kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndipo nikajua kuwa Mama Pasi alilazwa huko akiwa msichana, akapona, lakini akabaki huko huko akifua na kupiga pasi mashuka ya wodi, mpaka mvi zikamwingia.

Aliniomba nikae nao, mimi na mtoto. "Hiyo mashine inanitazama," alisema. "Nikimsimulia mtoto, ulimi unalegea."

Basi akamsimulia mtoto. Jinsi kaka yake alivyomfikisha getini akamwambia, "Dada, Jumapili nakuja kukuchukua." Jinsi nguo za wagonjwa zilivyorudi kutoka kufuliwa zimechanganyika, ukavaa iliyokufikia: leo ya mtoto, kesho ya kuingia watu wawili. Tulicheka mpaka mtoto akashtuka. Lakini kila alipofika penye utamu, alishika kiuno.

"Hapa pananichosha. Rudi wiki ijayo, binti."

Binti akirudi, ni lile lile. "Na kaka, Bibi? Alikuja?" Na kiuno kikauma. Mgeni akishaondoka, nilimwona Mama Pasi akitembea vizuri tu, akiosha vikombe viwili vya chai, chake na cha binti, na kuvirudisha mezani pale pale.

Siku moja binti akafunga begi mapema. "Asante sana, Bibi. Nimepata ya kutosha, sasa nakwenda kuandika."

"Lakini sijamaliza."

"Najua, Bibi. Sitaki kukuumiza. Mwisho ni wako, usijilazimishe."

Alisema kwa upole na heshima zote. Mama Pasi akaitikia, "Haya, mwanangu," akabaki mlangoni hata baada ya njia kuwa tupu.

Wiki iliyofuata, saa ile ile, nilisikia vikombe upande wa pili wa ukuta. Nikambeba mtoto, nikapiga hodi.

"Nepi nimeshakupa," alisema.

"Sikufuata nepi, Bibi. Kaka alikuja?"

Alinitazama kama anayekagua kola. Akampakata mtoto, akaongea naye yeye, si mimi.

"Hakuja. Daktari akasema nimepona, ila wa kunitoa lazima awe ndugu. Basi kila Jumamosi nalifua gauni nililokwenda nalo, nalipiga pasi, nalificha chini ya godoro lisije likachanganywa. Jumapili nalivaa, nakaa kwenye benchi pale getini. Likanibana mabegani, nikaachia mshono. Likabana tena. Mpaka likaisha, likawa tambara la kushikia pasi."

"Mbona hukumwambia yule binti?"

"Ningemwambia, angerudi kufuata nini?"

Akanimiminia chai. Ilikuwa imeshapoa, nikainywa. Mtoto alipolala nikasimama kuondoka, naye akaniuliza bila kuniangalia:

"Wiki ijayo una nguo za kunyooshwa?"

Nguo zangu zote alikuwa ameshazinyoosha.

"Ninazo," nikasema.