Wakwe Walifika Mitambo Ikisalimiwa

Mjukuu wangu anafanya kazi hospitali hapa Geita, upande wa kompyuta. Wagonjwa hata sura yake hawaijui. Kazi yake ni kuuangalia ule mtandao wa mapokezi, maabara na dirisha la dawa, usilale. Ana kamashine kake anakaweka sebuleni, nako kila baada ya muda kanavipitia vile vidude vya hospitali kimoja kimoja, kanauliza: upo? Kidude kinajibu: nipo. Kisipojibu, kanalia tii-tii-tii kama kifaranga kimekanyagwa. Mimi shule niliiona nikipita na mbuzi, lakini hilo nililielewa siku ya kwanza. Shikamoo na marahaba tu. Asiyeitikia ana jambo.

Jumapili asubuhi sasa, ndiyo usafi wenyewe. Ofisi zimefungwa, watu wako kanisani, yeye anavizima hivyo vidude kwa zamu, anavitia mambo mapya, anaviwasha, anasubiri viitikie. Ratiba kaipanga mwenyewe, bosi wake kaibandika kila mlango. Akiacha katikati, Jumatatu mapokezi hawaoni jina la mgonjwa hata mmoja.

Jumapili ninayoisema, wakwe walikuwa waje mchana, kuongea mahari ya huyu mjukuu wangu. Wafugaji hao, wa kule Mhunze. Walilala kwa ndugu yao hapa mjini, wakachoka kukaa, wakaja asubuhi. Wanangu nao wanavaa mashati mbio mbio.

Akatangulia babu yake mvulana anayeoa, mzee mrefu na fimbo yake, akanisalimia Kisukuma. "Mwangaluka, mayu!" Nyuma yake shangazi wa mvulana. Mjukuu wangu akachomoka, akapiga magoti, akasalimia vizuri kabisa, halafu huyoo, karudi kwenye kamashine.

Yule shangazi anaongea kwa pua, hivi: "Mmmh. Bi harusi ndo anatupa mgongo? Kwetu msichana akiona wakwe anakimbilia jikoni. Huyu tukimpeleka nyumbani atatufaa nini?"

Moyo ukanipasuka. Maana yule mtoto kampenda huyo kijana mpaka anaichekea simu peke yake. Nikamfuata.

"Mke mwenzangu, zima hiyo uje ugawe maji."

"Bibi, maabara nimeshaizima. Siwezi kuiacha imelala." Kasauti kembamba, kanakaribia kulia.

Nifanyeje? Nikasimama katikati ya sebule nikaanza kuwaigizia. Nikawa mapokezi: "Nipooo, mamaa, kaa foleni!" Nikawa dirisha la dawa, kama mtu aliyeamshwa usingizini: "Nipo... mara tatu kwa siku... baada ya kula." Shangazi hakutikisika. Mzee alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Akavuta stuli, akaketi ubavuni kwa mjukuu wangu, akaanza kuulizia alama za kwenye kioo.

"Hivi vya kijani?"

"Vimerudi, babu."

"Na hiki chekundu?"

"Maabara. Hakijaitikia."

Mzee uso ukabadilika. Akauliza kama yuko zizini jua linazama: "Mala ya mwisho ulikionea wapi?"

Chakula kikaletwa. Mzee akakataa kunawa. "Hatuli ng'ombe hajalejea."

"Baba, hiyo ni kompyuta!" Shangazi huyo, pua imepanda.

"Nyamaza wewe. Kimepotea, hakijapotea?"

Mjukuu akampigia mlinzi wa hospitali, akamwomba aingie maabara aangalie waya. Sote tunasikiliza. Mlinzi naye sauti nzito, taratibu: "Dada... huku wamedeki. Naona waya umechomoka, unaning'inia."

"Urudishe, kaka yangu. Ubonyeze mpaka usikie tak."

Tukakodolea macho kamashine. Chekundu, chekundu... kijani! Mzee akajipiga paja. "Kalejea! Msichana wa hivi umpe zizi lote, hata ndama hampotezi! Wapi utampata mwingine?"

Alisema hivyo mbele ya wanangu, mahari haijatajwa bado. Mtu anayekuja kuoa huwa anakunja uso, anatafuta kasoro, hata kama msichana anang'aa kama dhahabu. Yeye kaimwaga sifa yote. Shangazi alifumba macho.

Nikawageukia wanangu. "Mmemsikia? Mimi sijasema kitu."

"Mayu," mzee akaanza kushika kidevu, "mie nilikuwa nasema tu."

"Endelea kusema, nkoi, rafiki yangu. Sisi tunaongeza ng'ombe."

Walivutana mpaka chai ikapoa, wakapikiwa nyingine. Mzee kila akitaja kasoro, mwanangu mkubwa anamkumbusha: zizi lote! Na walikubaliana idadi ya ng'ombe ambayo wanangu asubuhi wasingethubutu kuitaja.

Mjukuu wangu alifunga kamashine kake, akanawa, akaja kugawa mwenyewe kile chakula kilichosubiri. Alipofika kwa shangazi akapiga magoti, akamnyooshea sahani. Shangazi akaiangalia sahani, akamwangalia yeye, akaipokea kwa mikono miwili.

"Na maabara," akauliza, pua ileile, "haijambo?"