Lori Lililobaki Kihambani

Mwaka 2017, katika kiangazi cha Januari, nilipokuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ukoo wa mume wangu uliketi kihambani kwetu, Masama, kwenye shamba la urithi linalozunguka nyumba, kuamua hatima ya lori lake. Mume wangu alikuwa ametutoka Novemba iliyotangulia. Juu ya ng'ombe, migomba na kahawa hapakuwa na ubishi; vilibaki mikononi mwangu. Ubishi ulikuwa juu ya lori. Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kushika usukani wake, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa chuma chakavu.

Lilikuwa lori zito, lenye pua ndefu, lililoundwa kabla sijaolewa. Gia boksi yake ni ya kale. Katika magari ya leo dereva hukanyaga klachi mara moja na gia ikaingia. Hili linataka ukanyage klachi, utoe gia, uachie, upige resi kiasi kinacholingana na mwendo, ukanyage tena, ndipo uiingize. Ukikosea, meno husaga kwa kelele inayosikika ng'ambo ya bonde. Lakini mume wangu alipolishika, lilipanda kutoka tambarare likiwa na mabua ya mahindi yaliyorundikwa juu kuliko paa la nyumba, na sauti yake ilikuwa ya utulivu, kama ya mtu anayeijua kazi yake.

Sisi wa mlimani hufuga ng'ombe bandani, na mashamba yetu ya mahindi yako chini kwenye joto. Mabua ya Agosti yasipofika, maziwa hukauka. Mama mkwe wangu aliyabeba kichwani maisha yake yote. Mimi niliyabeba mpaka mwaka 1994, lori lilipoingia uani. Nilichokuwa nakitetea katika kikao kile nilikijua kwa shingo yangu.

"Shemeji," mdogo wa marehemu aliniambia mbele ya watu, "gari hili si cherehani."

"Cherehani haijawahi kunishinda," nikamjibu, na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaangua kicheko.

Mwenyekiti wa ukoo, mzee ambaye sote tulimwita meku kwa heshima ya umri wake, alisubiri wanyamaze.

"Aliendeshe, basi. Mabua ya mwaka huu akiyaleta kwa mkono wake, lori ni lake. Akishindwa, liuzwe. Desemba ukoo ukipanda mlimani kwa Krismasi, tutalimaliza jambo hili."

Nilijiandikisha katika chuo cha udereva mjini Moshi. Mimi niliyezoea kuwa mkubwa kuliko wenzangu darasani, maana cheti cha kidato cha nne nilikipata mwaka 2004 nikiwa na miaka thelathini na minane, sikuona haya. Nilifundishwa kwa gari ambalo gia zake ziliingia kwa adabu, na mwezi Mei nikapewa leseni. Lakini aliyebaki akizijua gia za lori letu alikuwa mtu mmoja tu: shemeji yangu, aliyekuwa tingo, msaidizi wa kaka yake garini, kwa miaka mingi. Nikaenda kwake.

"Unataka nikufundishe ili uninyang'anye?"

"Nataka unifundishe. Mengine ni ya Desemba."

Alinitazama, akacheka, akaenda kuvaa viatu. "Hiyo leseni uitunze vizuri, shemeji. Lori halijui kusoma."

Angeweza kunifundisha nusunusu, nami nisingejua. Hakufanya hivyo, na mpaka leo ninamheshimu kwa hilo. Alinizuia kuutazama mkono wangu. "Sikiliza injini. Sauti ikianza kuwa nzito, umekwisha kuchelewa." Alinionya juu ya desturi mbaya ya madereva wetu, ya kutoa gia mteremkoni ili kubana dizeli. "Gia hii ukiitoa katikati ya mteremko hairudi. Chagua gia ungali juu, ushuke nayo mpaka chini." Niliposaga meno ya gia, alifumba macho kama aliyekanyagwa kidole, lakini hakunitukana hata mara moja.

Jumanne, tarehe 22 Agosti, nilipanda na shehena ya kwanza, shemeji akiwa kando yangu. Katika kona kali iliyo chini ya kanisa nilichelewa kushusha gia. Mkono wa gia ukagoma. Lori likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Shemeji aliruka chini, akasukuma gogo nyuma ya tairi, akaja dirishani. Watu walikuwa wamekwisha kujaa kando ya barabara.

"Gia ya kwanza," alisema kwa upole. "Hao usiwatazame."

Niliwasha upya, nikaondoka. Lile lori zee lilinyanyua mzigo wote ule kutoka mahali pagumu kuliko pote, wala halikutetemeka. Shehena zilizofuata zilipita kona ile bila kusimama. Hata hivyo, habari ya ile ya kwanza ilienea katika ukoo, ikafika mpaka Dar es Salaam.

Jumatano, tarehe 27 Desemba 2017, kikao kikaketi. Binamu mmoja aliyetoka Dar akainua mkono. "Sisi tumesikia lilirudi nyuma. Hapo ameliendesha au limemwendesha?"

Nyuso zote zikamgeukia shemeji. Mnunuzi wa chuma alikuwa bado anamngoja. Neno moja tu lingetosha.

Akasimama. "Lilirudi, na gogo niliweka mimi. Kaka naye nilimwekea gogo kwenye kona ile ile, tena si mara moja. Hakuna aliyemwitia mtu wa vyuma chakavu."

Binamu akashusha mkono. Meku akasema basi, imekwisha. Makubaliano ya kuniachia lori yakasomwa kwa sauti, wakatia saini wazee, kisha shemeji, kisha mimi. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Ilipomfikia shemeji, alikunywa, akafuta midomo, akaniuliza kesho tunapeleka nini.

"Ndizi, sokoni mjini."

"Na dereva ni nani?"

"Si mwenye lori?" meku akasema, akanyoosha mkono kuipokea kata.