Bibi Kwenye Ukuta Mkubwa

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya kutundika picha Brussels, ukuta mmoja tu ndio ulionigombanisha na bosi. Ulikuwa ukuta wa mbele wa ghala la zamani kule Anderlecht lililogeuzwa ukumbi wa maonyesho, mita tisa za weupe mtupu, na ukiingia mlangoni huna pengine pa kuangalia. Kila msanii aliutamani. Safari hii alipewa binti mmoja wa Lithuania ambaye hakuwahi kuonyesha kazi yake popote.

Maonyesho yalikuwa ya wachoraji vijana kutoka nchi za Baltiki, Waestonia, Walatvia na Walithuania, watu waliokulia mbele ya kompyuta na bado wakaamua kushika brashi. Walichora kwa rangi ya mafuta mambo ya kwenye skrini: kompyuta iliyoganda, ramani ya mtandaoni, uso wa mtu unaomulikwa na simu yake. Mimi mtoto wa Tanga, niliyemfuata mume masomoni nikaishia juu ya ngazi na nyundo mkononi, niliwapenda kuliko wasanii wote niliowahi kuwahudumia. Hawakuwa na maringo.

Bosi, Mbelgiji mwenye haraka zake, alizichagua picha zote kwa barua pepe. Ya binti huyo ilikuwa ya bibi kizee mwenye kitambaa kichwani, nusu ya uso imevunjika vipande vya mraba, vile video inavyofanya mtandao ukisuasua. Aliipenda palepale akaipa ukuta. Aliponionyesha kwenye simu yake, nikaitanua kwa vidole viwili, nikaona hadi mikunjo ya macho, nikasema hii haipungui mita tatu. Nikatoboa ukuta, nikafunga kulabu mbili za chuma, nikaagiza ngazi ndefu.

Siku moja kabla ya ufunguzi, binti akaja na mkoba wa begani. Akatoa bahasha, ndani ya bahasha kitambaa, na ndani ya kitambaa bibi. Alikuwa na ukubwa wa simu ya mkononi.

Mwenzangu wa kazi, mzee wa Lubumbashi niliyemwita papa, akaishusha ngazi aliyokuwa ameibeba.

"Eh, maman," akasema akiigonga ile ngazi, "échelle yote hii, juu ya kale kadogo?"

Vipimo binti alikuwa ameviandika kwenye fomu: sentimita kumi na mbili kwa saba. Bosi hakusoma, na mimi sikusoma. Sote tulikuwa tumetanua kwa vidole.

Bosi alipoiona alicheka, kisha akanuna. Akaamuru ukuta apewe Mwestonia mwenye turubai la mita nne, na bibi apelekwe kwenye korido ya kwendea chooni. Akatoka kwenda kula. Binti hakubisha. Alikaa sakafuni akashika tama, nami kwa hasira zangu nikamgeukia yeye.

"Kwa nini hukumchora mkubwa, mwanangu?"

Akanijibu kwa Kifaransa cha kuombea maji kama changu: "Ni bibi yangu. Tangu nije huku namwona kwenye simu tu. Huu ndio ukubwa wake."

Mama yangu, huo ulikuwa mwaka wa nne simwoni ila Jumapili, kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni, na mtandao ukigoma anaganda katikati ya kicheko. Binti huyu hakuwa amekosea kipimo hata kidogo. Tuliokosea ni sisi.

"Papa, ukuta huu hapewi mtu mwingine," nikasema.

"Patron atakasirika, maman."

"Akasirike."

"Bon," akasema, akanipa penseli. "Donc tuanze."

Kazi yetu ina kanuni: katikati ya picha hukaa usawa wa macho. Nikaiacha. Nikatoa simu, nikasimama vile ninavyosimama nikiongea na mama, papa akatia alama pale mkono wangu ulipofika, usawa wa kifua. Tukang'oa kulabu, tukaziba matundu, tukapaka rangi, na penye alama nikapigilia msumari mmoja mwembamba, nikamtundika bibi.

Bosi aliporudi akawaka. Akauendea ukuta kwa hatua ndefu ili aibandue picha mwenyewe, na alipofika ikabidi ainame. Akabaki ameinama. Mimi nimesimama roho mkononi, nikijua leo huenda nikamwaga unga.

"Iache," akasema hatimaye, bila kunitazama.

Nilishinda! Sikuweza kujizuia, nikapiga kigelegele ghala zima likaitika. Papa alicheka mpaka akakalia ngazi yake.

Kesho yake waliopiga picha kutoka mlangoni waliambulia ukuta mweupe, basi ikawalazimu kusogea. Foleni ikafika nje. Mmoja mmoja walivuka ukumbi, wakainamisha kichwa. Mwestonia wa mita nne alipanga foleni mara mbili.

Mwishoni binti akampigia bibi yake, akamzungushia simu aone ukuta, kisha akaishika kando ya picha. Bibi wawili, sawa kwa sawa. Yule wa kwenye simu akasema kitu, na binti akanigeukia huku anafuta machozi.

"Anauliza, ukuta wote huo ni wake?"

"Mwambie wote," nikasema. "Kona mpaka kona."