Bahari Chini ya Tangi la Shule

Sisi tuliokulia Isiolo wakati lami ilikuwa inakomea mjini hapo hapo, kana kwamba imechungulia mbele ikakata tamaa, hatukuwa na michezo ya maana. Ndivyo tunavyoambiwa siku hizi na watoto ambao kiungo chao chenye nguvu kuliko vyote ni kidole gumba. Eti kazi yetu ilikuwa kufukuzana na mbuzi. Basi nyinyi wa rika langu, mnaokumbuka uji wa shule uliokuja na nyama yake ndani bila mtu kuagiza, niruhusuni niwatetee. Tulikuwa na mchezo wa vita wenye ramani, majeshi na marais, na haukuwahi kuzima katikati kwa kuishiwa chaji.

Tuliuita Mpaka. Ulichorwa chini kwa msumari, na majeshi yake yalikuwa vifuniko vya soda tulivyookota nyuma ya hoteli za wasafiri. Kila kifuniko kilikuwa kundi la mifugo, kwa sababu hakuna aliyejua nchi inaweza kupigania kitu kingine. Mlicheza kwa zamu: wewe unasogeza kifuniko kimoja shubiri moja, mwenzako anafikiria mpaka mnamtukana, kisha naye anasogeza. Ukizingira kifuniko chake pande mbili, unakichukua. Na sheria iliyozidi zote ni hii: kifuniko kikikaa zamu kumi bila kugusa maji, kinakufa kiu. Hatukufundishwa hiyo sheria na mtu. Tulikuwa tunaiona kila mwaka wa kiangazi ikitekelezwa kwa mifugo ya kweli huko Ngaremara.

Ugomvi ulianza kabla ya mchezo, kwenye kuchagua ramani. Kulikuwa na ramani ya Kisima, ambapo maji yako mahali pamoja tu katikati, na wote wanakimbilia hapo. Ilipendwa na watoto wenye ngumi nzito, maana ilichukua dakika chache kutoka vifuniko hadi makofi. Kulikuwa na ramani ya Mto, aliyoipenda rafiki yangu Guyo, mtoto wa wafugaji, mpole wa kupitiliza, aliyeweza kutembeza mifugo yake ukingoni mchana kutwa bila kumshambulia mtu, akifurahia tu kwamba wameshiba. Na kulikuwa na ramani ya Kizuizi, ambapo barabara ni moja na anayekalia kizuizi hasogei popote, anangoja wanaopita wamwachie kifuniko. Hiyo haikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kusafiri.

Mimi nilikuwa rais. Cheo hicho sikukipata kwa mapenzi ya wananchi. Kwenye mpira nilikuwa natazamwa kwa huruma: mwembamba, miguu inayogombana yenyewe kwa yenyewe, nachaguliwa mwisho baada ya watoto wa darasa la chini, halafu napewa kazi ya kufuata mpira ukiruka seng'enge na kuingia kwenye miiba. Nimetoka na miiba ya Isiolo ya kila aina, ningeweza kuifundisha chuo kikuu. Lakini kwenye Mpaka niliona zamu tatu mbele, na wale waliokuwa wananizomea uwanjani walichuchumaa kunizunguka wakiuliza, "Abdi, sasa tusogeze gani?" Sijawahi kupendeza hivyo tena maishani, hata siku ya harusi yangu.

Shida ilikuwa udongo. Upepo wa Isiolo mnaujua. Unachora mto asubuhi, unageuka kupiga chafya, mto umehamia kwa jirani. Mahali pamoja tu mstari ulikaa: chini ya tangi la maji la shule, lililovuja tone kwa tone miaka yote, likaacha kipande cha udongo mbichi kisichozidi ukubwa wa kitanda. Udongo wenyewe ulinukia vizuri kuliko chakula chetu. Ulitosha ramani moja tu, na waliokitaka kitanda hicho walikuwa wawili: sisi wa darasa la sita, na wale wa darasa la saba chini ya Halima.

Halima alikuwa binti wa dereva wa lori. Alikuwa na sauti ya kuita abiria na tabia ya kutabasamu kabla hujamaliza kukosea. Baada ya wiki nyingi za kusukumana, na Guyo kumwagiwa uji kichwani, tulikubaliana kupiga mchezo mmoja mkubwa. Atakayeshinda anachukua udongo wa tangi mpaka shule zifungwe. Atakayeshindwa aende akachore vumbini. Kwa wenzangu ilikuwa heshima tu. Kwangu mimi, kushindwa kulikuwa na maana moja, kurudi kwenye miiba.

Tukarusha ndara kuona nani atachagua ramani. Nikashinda. Na mimi, kwa akili zangu zote za urais, nikatangaza ramani mpya kabisa: Visiwa.

Lazima niwaeleze kwa nini. Darasani palitundikwa ramani ya dunia iliyoliwa na mchwa upande wa Amerika, na sehemu kubwa yake ilikuwa buluu. Mwalimu wa jiografia, ambaye naye hakuwahi kufika Pwani lakini hakuona haja ya kutusumbua na habari hiyo, alitwambia kwamba buluu yote ile ni maji. Hebu fikiria mtoto wa Isiolo anaambiwa hivyo. Sisi tuliosimama foleni na madebe tangu alfajiri, tuliooga kwa kikombe na kusifiwa usafi, tunaambiwa kuna watu wamezungukwa na maji pande zote! Nilifikiri mahali hapo ndipo peponi, na nikashangaa kwa nini watu wa visiwani hawaji hata kututembelea watuoneshe walivyonenepa. Kwenye Visiwa mifugo yangu isingekufa kiu kamwe. Ningeweza kukaa kimya, nikinywa, huku Halima akihangaika.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipanga vifuniko vyangu ufuoni, vyote vikigusa maji, nikakunja mikono. Halima naye akafanya jambo la kijinga kabisa: akachimba kishimo kidogo katikati ya kila kisiwa chake kwa kidole, akasema ni kisima, kisha akaanza kuzungusha vifuniko vyake hapo kwa zamu. Tulimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Anachimba kisima kando ya bahari! Nilihesabu ushindi, nikachagua hata maneno ya kumwambia.

Zamu ya kumi ilipopita, akasimama akapangusa mikono kwenye sketi.

"Abdi, hao wako wote wamekufa."

"Wamekufa aje? Maji si ndio hiyo?"

"Hiyo ni maji ya bahari. Iko na chumvi. Baba yangu amefika Mombasa, akaonja, akatema."

Guyo alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. "Kama iko na chumvi, si hiyo ndio mzuri?" akasema. "Sisi mbuzi wetu tunawapeleka mbali sana kutafuta chumvi. Hawa wamekula na wamekunywa mara moja!"

Darasa la sita lilipiga makofi. Ilikuwa hoja nzito, na hadi leo sioni mfugaji anayeweza kuivunja.

"Kulamba ni kulamba," akasema Halima, "kunywa ni kunywa."

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye pande zote mbili zilimwamini, naye ni Awowe, babu yangu mzaa baba. Alikuwa askari wa mkoloni na aliwahi kupandishwa meli kupelekwa vitani Burma. Nilifurahi aliposemwa yeye. Ni babu yangu, damu yangu, mimi ndiye niliyemwekea maji ya udhu. Baada ya shule tukamiminika mtaa wa Wabera, kundi zima, tukamkuta nje ya nyumba ameegemeza redio sikioni akitafuna nyirinyiri, nyama yetu ya kukaushwa.

"Salaam aleikum, Awowe," nikasema kwa heshima ya ziada. "Maji ya bahari inanyweka?"

"Aleikum salaam. Nani amesema inanyweka?"

Vidole vyote vilinielekea mimi, cha Guyo kikiwemo.

Awowe akapunguza redio. "Sisi tulikaa ndani ya meli. Maji kulia, maji kushoto, na tunapimiwa kikombe moja kama dawa. Kijana moja akashindwa, akateremsha kopo na kamba, akakunywa ya bahari. Jioni alikuwa anaita ngamia zake kwa majina. Katikati ya bahari, anaita ngamia."

Nikajaribu mara ya mwisho. "Kwa hivyo mifugo yangu, Awowe?"

"Imekufa yote. Huyu msichana ameshinda. Sasa ondokeni, mnanizibia habari."

Akaongeza sauti ya redio. Ndiyo haki tuliyolelewa nayo: babu yako mwenyewe anakuzika mbele za watu kisha anataka kusikia hali ya hewa. Mzee wa siku hizi angesema mjukuu wake ana kipaji. Niliumia, nisiwafiche. Nililia nyuma ya banda la kuku, nikimchukia Halima, babake, lori lake na Mombasa yote.

Kesho yake nikarudi mpirani. Kila mpira uliopanda juu, niliukimbilia nikiwa nimeshajua ni mti gani utanichoma. Kutoka kule miibani niliwaona darasa la saba wamekaa kwenye udongo wao mbichi, na niliomba Mungu tangi lipasuke.

Sikumbuki zilipita siku ngapi. Nilikuwa nimeinama nachomoa mwiba kisiginoni, nikaona kivuli upande wa pili wa seng'enge. Halima. Jua la saa saba lilikuwa linachoma mpaka mawe, naye amesimama tu, ameshika waya.

"Unataka nini?"

"Kuja ucheze."

"Si mmeshinda? Chezeni."

"Hawa watu wangu wanacheza kama mbuzi ya kuchinjwa. Nawamaliza kabla chai ipoe." Akatazama pembeni. "Hakuna raha, Abdi. Kuja."

Nikamwambia nafikiria. Nilitaka asimame juani kidogo, na alisimama. Hakuondoka, wala hakuomba mara ya tatu.

"Lakini bahari itakuwa na chumvi," akasema nilipoanza kuruka seng'enge.

Ikawa na chumvi. Na kama kuna mtu anataka kujua ramani niliyoipenda kuliko zote, ni hiyo hiyo iliyonizika: Visiwa, maji kila upande na hakuna la kunywa, kila mtu na kisima chake kidogo, na kikikauka lazima uvuke uende kwa mwenzako. Tulicheza mpaka shule zikafungwa, darasa la sita na la saba magoti kwa magoti, Guyo akiwa hakimu kwa sababu hakumtakia mtu yeyote mabaya. Nilimshinda Halima mara chache. Yeye alinishinda mara nyingi, na kila mara alitabasamu kabla sijamaliza kukosea.

Likizoni mafundi wakaja wakaziba tangi. Mambo mengi yameharibika Isiolo tangu wakati huo na sijawahi kuona yakitengenezwa kwa bidii ile. Tuliporudi, udongo ulikuwa vumbi kama vumbi lingine, na Halima alikuwa amepelekwa shule ya bweni Meru.

Juzi nilimkuta mwanangu sebuleni na simu yake, vita vimepamba moto. Ana ramani za kuchagua mpaka anachoka kuchagua: milima, mabara, visiwa vyenye bahari inayometa ambayo hakuna mnyama aliyewahi kufa kwa kuinywa. Akashindwa. Hakulia, wala hakukasirika. Akabonyeza, na mpinzani mwingine akaletwa kama chai.

"Nani amekushinda?" nikamuuliza.

"Sijui, baba. Ni mtu tu."

Nikaketi karibu naye nimtazame akicheza, na nikamwonea huruma, mimi niliyekuwa na vifuniko vya soda. Anaweza kucheza na dunia nzima. Lakini akiacha leo, hakuna hata mmoja atakayekuja kusimama juani, ameshika seng'enge, akingoja arudi.