Bega la Mama Shani lilivyonilaza chini na bajaji yangu, Chamazi

Wakuu, salaam. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Naendesha bajaji huku Chamazi. Mke wangu, Mama Shani, anauza supu na chapati kando ya lami, mbele ya nyumba tuliyopanga.

Niseme mapema: nina wivu. Mteja akisifia supu mara mbili, namwangalia vizuri.

Sasa wakaja mafundi wa kukarabati barabara. Foremani wao mrefu, reflekta safi, anaongea taratibu kama mtangazaji wa redio. Kila asubuhi yuko kwa Mama Shani. Roho ikaanza kuniuma.

Jioni moja natoka kuoga, namsikia mke wangu uani na simu:

"Foremani, kaka yangu, bega limezidi kuwa baya. Njoo kesho ulitazame, ila Baba Shani akishatoka."

Wakuu, nilikaa kitandani na taulo langu. Bega! Mie mumewe sijaambiwa kama linauma, halafu foremani ndiye aje alitazame, tena nikiwa sipo?

Wakati wa kula nikawa nalikagua kwa macho. Zima kabisa, halina hata uvimbe.

Sikuuliza. Asubuhi nikaaga, nikafika konani, nikageuza.

Kwa mbali namwona foremani kachuchumaa pale pale ninapopakigi bajaji. Mke wangu kainama karibu yake. Wanacheka. WANACHEKA, wakuu.

Nikavuta mafuta, macho kwao tu.

Pale kwetu mvua zilishakula udongo wa pembeni, lami ikabaki juu kama kibaraza. Tairi la kushoto likaporomoka. Nikakata usukani kwa nguvu nirudi, tairi likagoma, kisha likapanda ghafla. Bajaji ikalala ubavu na mie ndani.

Aliyenitoa ni nani? Foremani.

"Pole, braza. Ukishuka hivyo usilazimishe kurudi. Punguza mwendo kwanza."

Mama Shani analia. "Ndo bega lenyewe hilo nililomwomba aje alijaze! Juzi bodaboda imeanguka hapa, Shani kasimama pembeni kabisa, na wewe kila nikikwambia uhamishe bajaji yako unaleta ubishi!"

Kumbe pembeni ya lami wenyewe wanapaita bega. Bega la barabara. Ningejuaje?

Siku ile ile wakachimba, wakajaza kifusi, wakashindilia. Ukingo wa lami wakaulaza kwa mteremko ili tairi likishuka liweze kurudi. Wakachonga na mtaro wa kupeleka maji mbali. Kazi nzuri, siwezi kukataa, ingawa namna mke wangu anavyoisifia inanikera mpaka leo.

Nilichojifunza: lami ikianza kulika pembeni, wapigieni kelele wahusika mapema. Kumwaga udongo bila kushindilia ni bure, mvua inaondoka nao. Na mkeo akitaja bega, muulize bega lipi.

Langu la kushoto liliteguka. Mama Shani ananichua kila jioni.

Jana foremani kapita kunywa supu, akapewa na mfupa wa nyongeza, nimeuona. Akauliza, "Bega linaendeleaje, shemeji?"

Mama Shani akatabasamu. "Linaendelea vizuri."

Mie nimekaa hapo hapo, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa.

Wakuu, nisaidieni: waliongelea bega lipi?